Viatu vya Sare

Mkunazini, Mji Mkongwe,
Unguja.

Baba yangu,

Shikamoo. Ipokee na nyingine ya akiba, maana ukifika mwisho wa barua hii huenda usitake kuniitikia. Mimi ni mzima wa mwili. Moyoni siko sawa, na ndiyo sababu nimeiacha simu nikachukua karatasi.

Mkono wako wa kulia unaendeleaje? Mama aliniambia kwamba siku hizi kikombe cha chai unakishika kwa mikono miwili, kisha wewe ukamnyang'anya simu ukasema ni baridi tu. Baba, mimi ni mtoto wa Lushoto na baridi ya kwetu naijua. Haimtikisi mtu mkono mmoja ikauacha wa pili. Ile dawa uliyoandikiwa unaimeza, au bado imo kwenye mkebe wa gundi? Na kifua cha Mama kinasemaje na ukungu wa msimu huu? Huku masika yameanza, vichochoro vyote vimejaa madimbwi, na kila nikienda dukani nafika na pindo la baibui limelowa mpaka magotini.

Humu ndani kuna karatasi ya kaki iliyokunjwa. Usiifungue kwanza. Nitakuambia wakati wake.

Sikukuu imepita na sikuja. Nilikuahidi kwa mdomo wangu kwamba mfungo ukiisha tu nitafunga mzigo, nitavuka, nitarudi kushona viatu pale kibandani upande wako wa kushoto, na wewe utapumzisha mkono. Mama ameniambia yote. Kwamba umepaka kibanda rangi. Kwamba umekata ngozi mpya na kigoda changu umekiwamba upya. Kwamba Hamza, mtoto wa Shangazi, alitaka kukikalia kidogo tu akivuta pumzi, ukamwambia, "Hapo pana mwenyewe." Nami ulipopiga simu siku ya pili ya Sikukuu nilikujibu kwamba duka lina kazi nyingi. Ni kweli lina kazi nyingi, lakini si hicho kilichonizuia, na tangu siku hiyo kila nikishika sindano nakusikia ukisema, "Haya, mwanangu."

Basi ngoja nikueleze, na uniache nieleze kwa mzunguko wangu.

Unakumbuka unavyofanya mteja mpya akija? Humpimi mguu kwanza. Unamwambia, "Tembea nikuone," naye anakwenda mpaka duka la chumvi ng'ambo ya barabara na kurudi, na wewe umeacha kila kitu mkononi unamtazama. Wengine walidhani unawacheza shere. Mimi mwenyewe nikiwa mdogo nilikuwa naona haya, nainamisha kichwa. Huku dukani kwetu hakuna anayetembea. Bwana Nassor, mwenye duka, ni mtu mwema na ananitunza, lakini wateja wetu ni watalii. Wanakaa kwenye benchi, wananyoosha mguu, wanavishwa makubadhi, wanajipiga picha, kwaheri. Miaka minne sasa nimekuwa nikishonea miguu iliyokaa, wala sikuwa nimeligundua hilo.

Niliwahi kukuhadithia kuhusu kikundi chetu cha mazoezi, akina mama wa mtaani. Alfajiri tunakimbia kwa nyimbo mpaka uwanja wa Amani na kurudi, na anayebaki nyuma kila siku ni mimi, mtu wa milimani, jambo ambalo hawajachoka kulicheka. Kiongozi wetu ni Mwalimu Maryam, anafundisha watoto wa chekechea, na sisi pia anatuongoza kama watoto wa chekechea. Sasa, Ramadhani ikikaribia watu wa huku huvunja jungu. Wanabeba masufuria wanakwenda pwani, wanakula na kucheka siku nzima kabla ya kuingia kwenye mfungo. Mwaka huu Mwalimu Maryam akasema sisi tutavunja jungu kwa miguu. Tutatembea kisiwa kizima, kuanzia Nungwi kule ncha ya kaskazini mpaka Makunduchi kusini kabisa, na kila jioni tutalala kwa jamaa wa mmoja wetu. Hakuna mwanamke wa Unguja asiye na shangazi kila kijiji.

Na wanawake wa Unguja, Baba, hawaendi popote pamoja bila sare. Harusi kwa sare, maulidi kwa sare. Kanga za safari zilichaguliwa kabla njia haijajulikana. Tulipokuwa barazani tunagombania rangi, Bi Mwanakhamis akapiga kofi akasema, "Na viatu je? Si tunaye fundi wetu hapa? Atushonee makubadhi, sote sawasawa, watu wa Nungwi watutambue tumetoka mjini!"

Bi Mwanakhamis sijakuambia vizuri. Ni mama wa makamo, anakaanga bajia na maandazi barazani kwake, nyumba ya tatu kutoka dukani. Mnene, mcheshi, na ulimi wake hauna likizo. Nilipofika huku simjui mtu, ndiye aliyeniita kutoka barazani, "Wee mtoto wa bara, njoo ule kwanza, huzuni utaihuzunika umeshiba." Tangu hapo nakula kwake kuliko kwangu.

Mtu mwenye akili angekataa pale pale. Makubadhi ya shanga ni ya kwendea harusini, si ya kupimia kisiwa. Lakini walinigeukia wote kwa pamoja wakiniita fundi wetu, na mimi nilitaka mno kuwa wao. Nikakubali pea kumi na mbili, yangu ikiwamo. Miguu niliipima kwa uzi, wenyewe wamekaa wanakunywa kahawa. Sikumwambia hata mmoja asimame atembee. Na soli, badala ya kuzishona mzunguko mzima ulivyonifunza, nilizipaka gundi nikazishikiza na misumari midogo, kwa kuwa siku zilikuwa chache na shanga zilinila muda. Nilijiambia kisiwa ni tambarare. Nikasema na kwa sauti, mbele yao, kwamba sisi tuliokulia milimani hatutishwi na nchi ambayo mlima wake mrefu kuliko yote ni tuta la barabarani. Wakacheka sana, Bi Mwanakhamis akinipiga begani.

Tulianza Nungwi asubuhi, maji yamekupwa, mchanga mgumu na baridi kidogo chini ya soli. Kanga za zambarau, shanga nyekundu. Watoto walitukimbilia wakidhani kuna harusi. Mimi nilikaa wa mwisho, mahali pangu pa kawaida, na ndipo nilipoiona, Baba. Miguu inatembea. Wanawake kumi na mmoja mbele yangu, kila mmoja na mwendo wake. Mwalimu Maryam anakanyaga kwa kisigino kana kwamba ardhi imemkosea. Mmoja anageuza kidole gumba ndani, mwingine anarusha mguu wa kushoto kidogo kabla haujatua. Niliwasoma mmoja mmoja mpaka karibu na Matemwe, na nilijisikia nikisema kimoyomoyo kwa sauti yako, tembea nikuone, tembea nikuone. Sijui lini nilifurahi vile. Mwili wangu ulikuwa mwepesi, kichwa kimetulia. Simu ililia kibindoni, nikatazama nikaona ni wewe, nikairudisha. Alikuwa Mama, ameichukua simu yako aniambie habari za mkono wako, nilikuja kujua baadaye. Niliiacha ilie kwa sababu sikutaka kuwa mahali pengine popote.

Kabla hatujafika Matemwe maji yalijaa, pwani ikamezwa yote, ikabidi tupande njia ya juu. Hapo nikajua nilichokuwa nikikicheka. Kisiwa hiki hakina milima lakini mgongo wake ni mawe ya matumbawe, yametoboka na kuchongoka, unakanyaga upande huu yanakukata upande ule. Mlima unachosha mapaja tu. Mawe haya yanakula viatu. Jioni tulipofika kwa shangazi yake Mwalimu Maryam, makubadhi yangu yalikuwa yanafungua midomo. Maji ya chumvi yalikuwa yamelegeza gundi.

Sindano na uzi nilikuwa navyo. Nikakaa uani nikavishona kimoja kimoja, na shanga nikazikata, kwa sababu uzi wake ulikuwa unawachuna kwenye vidole.

"Unakata sare yetu?" Mwalimu Maryam karibu alie.

"Ziwache zikatwe," akasema Bi Mwanakhamis, anatafuna pweza. "Mie nshachoka kupendeza, nnataka kufika."

Kiatu chake alinipa mwisho. Kwa nje kilikuwa kizima, kigumu, ndicho kilichoonekana kuwa na afya kuliko vyote. Nikakigeuza mara moja nikamrudishia. Mkono sikuuingiza ndani.

Siku ya pili tulipita Kiwengwa tukielekea Pongwe, tumerudi kwenye mchanga. Nikawa naangalia nyayo badala ya miguu, najifundisha kujua za nani ni zipi. Nikaona doa jekundu. Hatua iliyofuata sikuliona, ikaja nyingine nikaliona tena. Kila unyayo wa kulia wa mtu mmoja, upande wa kidole cha mwisho. Nikazifuata kwa macho mpaka nikamfikia mwenyewe, anatembea kwa mikogo, anasimulia ugomvi wa harusini na kuigiza sauti za wagombanaji wote wawili.

"Bi Mwanakhamis!"

"Naam!"

"Simama. Mguu wako unatoka damu."

Akasimama akanitazama. "Mguu upi?" akauliza, akainua wa kushoto.

Baba, nitakisikia kile "mguu upi" mpaka nife. Nilimkalisha, nikamvua. Soli ilikuwa imehama, na msumari wangu, ule mdogo, ulikuwa umepanda na kuingia nyama kando ya kidole. Haukuwa umeingia sasa hivi. Pembeni palikuwa pameanza kuvimba na kuwa peusi. Mimi ndiye niliyepiga kelele, yeye alikuwa anatazama kana kwamba ni mguu wa jirani.

"Una sukari wewe?" Mwalimu Maryam akamuuliza taratibu.

"Nnayo. Kwani nnayo peke yangu?" Kisha akainamisha uso, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwake. "Ningelisema mngeliniwacha nyumbani nikaanga bajia."

Mwanawe alikuja na gari kutoka mjini. Ilikuwa niende naye mimi, na mguu mmoja nilikuwa nimeshauingiza garini. Akanisukuma. "Shuka! Nenda ukamalize, uje unambie Makunduchi kukoje. Na viatu vya wenzako nani atavishona?" Nikashuka. Wengine walisema nimeshuka kwa ajili ya viatu vyao. Wewe unanijua. Nilishuka haraka mno. Nilitaka kuendelea kutembea.

Kuanzia hapo bahari sikuiona tena. Kila tulipopumzika niliomba viatu vyote, nafumba macho, naingiza mkono ndani, napapasa polepole kutoka kisigino mpaka ncha. Misumari yote niling'oa, soli nikazishona mzunguko mzima mpaka vidole vikaota malengelenge. Tulipofika Chwaka nimeketi ukutani na kiatu cha mtu mkononi, macho nimefumba, nikakukumbuka wewe umekaa vile vile.

Vilikuwa viatu vya Mzee Shemdoe, yule jirani aliyeugua ukoma zamani, akapona lakini miguu ikabaki imepungua vidole na haina hisia, kama ya wenye sukari. Nilikuwa mdogo. Kila alipokuletea viatu vyake ulivipapasa ndani, muda mrefu, umefumba macho, na ukipata hata kijiuzi kimesimama unakikata. Nikakuuliza kwa nini unafumba macho. Ukanijibu kwamba yeye hasikii, basi lazima asikie mtu mwingine kwa niaba yake. Nilikuwa nimekisahau kitu hicho, Baba, chote, pamoja na harufu ya ile ngozi laini uliyokuwa unaiweka akiba kwa ajili yake peke yake.

Kutoka Chwaka mpaka Paje, Jambiani, hadi Makunduchi, sikuwa na fikra nyingine. Nyuma ya wale wanawake, hatua baada ya hatua, ilinijia wazi ninachotaka mikono yangu ifanye katika dunia hii. Hakuna aliyenishauri wala sikuota ndoto. Ilikuja kwa kutembea tu. Makunduchi walitupokea kwa ngoma na wali wa nazi, wenzangu wakacheza na magoti yao mabovu. Mimi nilijificha nyuma ya jiko la watu nikalia. Niliona haya kwamba kitu cha maana kama kile nimekipatia kwenye damu ya mwanamke aliyenilisha.

Kidole hakikupona. Hospitali walikitoa wiki ya kwanza ya Ramadhani. Nilikwenda na uji, nikashindwa kuvuka mlango, nikasimama na bakuli langu mpaka aliponiona mwenyewe.

"Ingia, unanpozea uji! Unalilia nini? Kidole chenyewe mwaka wa ngapi sikioni, tumbo limeniziba."

Nilicheka na machozi yanatoka. Nilimwambia msumari ni wangu, kosa ni langu. Akasema anajua, na kwamba naye alinificha maradhi yake, basi tusigombanie. Lakini niliona mkono wake unavyoishika shuka. Anaogopa, Baba. Aliyekatwa kimoja anajua kwamba vingine vipo.

Sasa kila wiki nampeleka kliniki ya sukari. Tunakaa kwenye benchi refu na wenzake. Jina likiitwa mtu anainuka, anatembea mpaka mlango wa daktari, na mimi natazama. Wengi wamevaa ndara, nyingine zimefungwa kwa kamba. Mzee mmoja kavaa viatu vya mwanawe, vinambana na hajui kama vinambana. Mama mmoja alikuwa na kokoto ndani ya kiatu, kaja nayo kutoka nyumbani. Muuguzi anawaambia vaeni viatu vizuri, wanamwitikia naam, na wanarudi wiki ya pili na ndara zile zile, kwa sababu viatu hivyo vizuri hakuna anayewashonea. Nikikaa pale siwezi kuinuka nikaenda kushona shanga na roho yangu ikatulia.

Nimejaribu. Bwana Nassor amenipa chumba cha nyuma, mradi kazi za duka zisichelewe. Pea ya kwanza niliyomshonea Bi Mwanakhamis ilikuwa ya soli ya tairi, sponji nene juu yake, na ngozi pana inayofunika vidole. Akaviweka chini akavizunguka.

"Hivi viatu au masanduku?"

"Vitakulinda."

"Sitaki kiatu cha mgonjwa. Nikenda navyo harusini wataniuliza nani kafa." Akavisukuma kwa fimbo. "Nshonee viatu vya mtu mzima. Maradhi yasionekane, n'onekane mie."

Amesema kweli. Hawavivai kwa sababu vinawatangaza. Pea ya pili nikaipendezesha, sponji ikadidimia upande mmoja, akawa anatembea kama bata. Ya tatu mshono umekaa ndani, nimeupapasa macho nimefumba nikauona, nikaifumua yote. Uzuri naujua, nimejifunza huku. Ule usalama wa ndani ulikuwa mikononi mwako, na mimi niliuangalia kwa macho ya mtoto aliyekuwa anasubiri kwenda kucheza.

Sasa fungua karatasi ya kaki.

Huo ni mguu wake wa kulia. Nimeuchora amesimama, amenishika kichwa asianguke. Hapo pembeni penye nafasi ndipo kilipokuwa kidole. Ndiyo sababu sikutuma picha kwa simu, nilitaka uweke kiganja chako juu yake, ukubwa wake ule ule. Niambie, Baba. Kwa Mzee Shemdoe mshono uliupitisha wapi? Ile ngozi laini uliilaza upande gani? Pale palipokosa kidole uliziba na kitu gani ili mguu usiteleze? Ukishindwa kuandika kwa sababu ya mkono, mwambie Mama aandike, wewe useme.

Na sasa lile ambalo nimekuwa nikilizunguka. Sirudi kukaa kibandani. Masika yakiisha nitakuja, nitakaa nawe wiki chache, utanifundisha kiatu cha Mzee Shemdoe mpaka nikiweze, kisha nitavuka tena. Najua linavyosikika. Mkono wako unatetemeka, na mimi nakuja kuchukua kilichobaki humo na kuondoka nacho. Nitapiga hodi kama mtoto wa nyumbani na nitakuwa mwizi.

Utaniuliza, kwani Lushoto hakuna wenye sukari? Wapo, na jibu zuri sina. Niliyemuumiza yuko huku, hilo moja. Hawa wa kwenye benchi nimeshawaona wakitembea, siwezi kujifanya sijawaona, hilo la pili. La tatu ndilo linaloniuma kuliko yote. Nimepapenda huku. Nikiwa wa mwisho kwenye ule msururu wa kanga za zambarau nilikuwa mahali pangu, na wewe wakati huo huo ulikuwa unapaka rangi kibanda kwa mkono mmoja, kwa ajili yangu. Nimejaribu kuvitenganisha vitu hivi viwili na haviachani.

Kile kigoda mpe Hamza. Ameshona barazani kwa watu miaka mingi, juani na mvuani, na kila alipokuja kwako alikikuta kigoda kitupu kina mwenyewe. Mshono wake ni mzito lakini si mvivu, na ana watoto wawili wa kulisha. Mkono wake wa kulia ni mzima. Mimi ndiye niliyemzuia, kwa ahadi tu, bila hata kuwapo. Mwambie akae, Baba, asinisubiri.

Nisalimie Mama, mwambie mafuta ya mkaratusi ya kifua nimempatia na yanakuja na barua hii kwa mkono wa mpwa wake Bwana Nassor, anayevuka kwenda Tanga. Nisalimie Shangazi, aniwie radhi kwa mwanawe. Nisalimie Bibi, mpigie kelele sikio la kushoto ndilo linalosikia. Nisalimie mwenye duka la chumvi, aliyewavumilia wateja wako wote hawa wanaokwenda mpaka mlangoni kwake na kugeuka bila kununua. Bi Mwanakhamis anakusalimu mno. Anasema binti uliyemzaa amemkosesha kidole lakini hajamkosesha chakula, na kwamba viatu vyake anavitaka kabla ya harusi ya mwanawe.

Siku nitakayokuja nitakuambia saa ya basi, lakini usije kituoni. Kaa kibandani, Hamza kando yako. Nitashuka na kuja kwa miguu, nitapitia duka la chumvi, wala sitaharakisha. Acha kila kitu mkononi, Baba, unitazame ninavyotembea. Ukiona bado nakanyaga kama mtu anayepakimbia nyumbani, niambie, nitakaa. Ukiona vingine, niitikie shikamoo yangu.

Mwanao,
Rehema